Sakbuti Kubwa na Meli ya Bujumbura

Jumatatu, 3 Novemba 1986

Sanduku limefunguliwa! Wiki nzima lilikaa sakristia likinukia mbao za Ulaya, na leo baada ya mazoezi ya kwaya Padri Augustin akachukua nyundo akalibomoa mbele yetu sote. Ndani: filimbi za mbao, sakbuti mbili ndogo, halafu yenyewe. Sakbuti kubwa. Ya sauti ya chini kabisa. Niliishiwa na pumzi kabla hata ya kuipuliza.

Sakbuti ni babu wa tromboni. Padri, mtoto wa Moba aliyesoma miaka mingi Ubelgiji, alitueleza kwamba mafundi wa kule wanaziunda upya kama zilivyokuwa miaka mia nne iliyopita, ili nyimbo za wakati ule zisikike kama zilivyosikika wakati ule. Shaba nyembamba. Mdomo wa kutokea sauti ni mdogo. Na ule mrija wa kuteleza, sisi watu wa fanfari, bendi ya tarumbeta na ngoma, tunauita kulisi, ni mrefu hata ukiunyoosha sakristia inabidi mtu atoke nje.

Habari kubwa zaidi. Parokia moja ya Bujumbura imetualika kwa sikukuu ya Mtakatifu Sesilia, mlinzi wa wanamuziki. Tutapanda meli! Kwaya yote, wapiga filimbi, na mpigaji mmoja wa sakbuti kubwa. Mmoja tu.

Ni mimi. Nani mwingine? Miaka kumi na miwili nimepiga tromboni katika fanfari ya mji wetu, Kalemie. Tromboni ya tatu, mstari wa mwisho, nyuma ya ngoma kubwa. Nyuma ya ngoma kubwa mtu anaweza kufa amesimama na hakuna atakayejua mpaka gwaride liishe. Pélagie, mke wangu wa ndoa, aliwahi kuniuliza baada ya gwaride moja kama nilikuwa napiga au nilikuwa nimeshika tu. Naandika wazi kwa sababu hii shajara haisomwi na mtu: nataka kusikika. Mara moja tu katika maisha yangu, watu wageuke, waulize ile sauti ni ya nani.

Padri alisema atamsikiliza kila anayetaka kiti hicho, kisha ataamua. Tumejitokeza wawili. Mimi na Omer. Omer! Katekista. Zamani golikipa. Hajawahi kupuliza kitu chochote isipokuwa moto. Naenda kulala nikicheka.

Jumatano, 5 Novemba

Mazoezi ya kwanza. Yalikwenda vizuri, ukiondoa jambo la kilemba cha Mama Bertille.

Kulisi ya sakbuti kubwa imepita urefu wa mkono wa binadamu. Kwa hiyo wazee wale wa zamani waliifunga mpini wa mbao. Unashika mpini, unasukuma, na kulisi inafika kule mkono usikofika. Padri alisema mpini hautaki pupa. Njia ni ndefu, kwa hiyo anza safari kabla ya noti yenyewe. Nikaukataa mpini kwa adabu. Mpini ni wa watu wenye mikono mifupi. Kweli mikono yangu ni mifupi, lakini hilo si jambo la kutangaza kanisani. Nikashika kulisi yenyewe, kiume, nikaisukuma kuitafuta noti ya mwisho kabisa.

Kulisi ikaendelea na safari bila mimi. Ikapita katikati ya sauti ya kwanza na kuondoka na kilemba cha Mama Bertille, ambaye ni kiongozi wa sauti ya kwanza, na pia mkubwa wa wamama wote wanaouza mawese sokoni. Padri alikimbia kuangalia kama kulisi imepinda. Haikupinda. Kisha akamuuliza Mama Bertille kama yuko salama. Nadhani Mama Bertille aliona utaratibu ule.

Halafu ulimi. Katika fanfari tunapiga “ta! ta!” kama watu wenye kazi. Padri anataka ulimi ulale. De, re, le, kama mama anayebembeleza. Tena nisome maneno ya waimbaji chini ya noti zangu, nipumue pale wanapopumua wao. Alisema sauti ya chini ni sakafu. Watu hutembea juu yake, hawaitazami.

Nani anataka kuwa sakafu?

Baada yangu akapuliza Omer. Akashika mpini bila aibu, na mikono yake ile ya golikipa! Akafumba macho. Hata inzi waliendelea na shughuli zao. Lakini Padri alitabasamu mpaka mwisho wa wimbo. Sijui alisikia nini.

Ijumaa, 7 Novemba

Nimepata dawa. Omer anapiga vizuri kwa sababu kulisi inateleza. Isipoteleza, hapigi. Padri huipaka mafuta ya nguruwe, kidogo sana. Sasa mimi ni mume wa muuza mawese. Mawese ya jioni ni maji, lakini asubuhi za mvua kama hizi yanaganda hata kijiko kinasimama. Na kesho anayeanza kupiga ni Omer.

Nimepita sakristia nikitoka biro, ofisini kwetu, nikiwa na kichupa cha mawese. Hakuna aliyeniona. Mchezo umekwisha.

Jumamosi, 8 Novemba

Salongo asubuhi, ile kazi ya lazima ya kila Jumamosi. Tulifyeka majani kando ya barabara, kila mmoja na jembe lake au udhuru wake. Omer alifyeka sehemu yake na sehemu ya mzee mmoja mgonjwa, basi akachelewa mazoezi. Padri akasema tusipoteze muda, Papa Isidore aanze.

Nikasema naweza kusubiri. Akasema haina haja.

Kulisi haikusogea hata kidogo. Nikavuta. Nikavuta kwa mikono miwili, mguu mmoja juu ya benchi. Ikatoka yote kwa mara moja na mimi nikakaa chini, mawese mekundu kuanzia kola mpaka mkanda, shati jeupe. Watu wa sauti ya pili walicheka kwa Kilatini na kwa Kitabwa. Padri akanusa kidole chake, akasema, bila hasira, kwamba harufu hii anaijua tangu jikoni kwa mama yake.

Nikasema ni panya. Panya wa sakristia ni wakubwa, wanaingia jikoni kwa masista, wanarudi wamelowa mafuta, wanalala ndani ya vyombo. Kadiri nilivyosema ndivyo nilivyoamini. Nikaongeza kwamba mimi nina paka, na kwamba chombo cha thamani namna hii kingekuwa salama zaidi nyumbani kwangu.

Padri alijifuta kidole. Mwishowe akasema sawa, nikichukue, maana aliyekichafua ndiye anayejua kimechafuka wapi. Lakini nikisafishe vizuri na nisikiache.

Sakbuti iko kwangu! Paka sina, lakini hilo halikuulizwa.

Jumatatu, 10 Novemba

Siku ya ajabu. Niieleze taratibu.

Tatizo la sakbuti, nimeligundua, ni kidomo. Kidomo ni kile kikombe kidogo cha shaba unachobandika midomo. Cha Padri ni cha zamani, bapa, kina ukingo mkali, kinameza sauti. Mimi nina changu cha fanfari, kinene, chenye shimo kama bakuli la uji. Hakikuingia. Nikakisugua kwa tupa jana baada ya misa mpaka kikaingia. Leo alfajiri nikapanda na chombo nyuma ya nyumba. Kwetu ni mlimani, bandari yote iko chini ya miguu. Nikajaza kifua. Nikapiga noti moja ya chini, ndefu, bila kubembeleza mtu.

Mungu wangu! Mabati yalijibu. Ilitoka sauti pana, nzito, ikateremka mpaka ziwani na kurudi.

Halafu nikasikia miguu.

Anayekaa Kalemie anajua. Meli haifuati kalenda. Inakuja siku inayotaka, haingoji mtu, na ikipiga honi mji wote unakimbia. Basi mji ulikimbia. Wamama na mabidoni ya mawese kichwani, vijana na mikokoteni ya mahindi, watu wa duane, wale wa forodha, wakifunga vifungo njiani. Mmoja alivaa koti la abakosti juu ya pajama. Na mbele yao wote, mbio kama msichana, Pélagie wangu na mabidoni yake mawili, maana aliondoka kwa mlango wa mbele bila kuuliza mumewe anafanya nini kwa mlango wa nyuma.

Wakasimama gatini. Wakatazama ziwa. Ziwa tupu, bata wawili tu.

Ningepaswa kuona aibu. Naijua aibu, nimeishi nayo. Lakini hii haikuwa aibu. Nilisikia vipele vya furaha kwenye mikono. Noti moja, na Kalemie nzima imeamka!

Jumanne, 11 Novemba

Pélagie hajaniandalia chai. Kasema maneno matatu tangu jana, nayo ni ya methali: debe tupu haliachi kuvuma. Maneno manne. Sawa.

Padri aliniita. Alisikia habari. Hakunigombeza, na hilo huwa linanichosha zaidi. Alisema sakbuti ya sauti ya chini haikuundwa ishindane na upepo, iliundwa ikae chini ya sauti za watu katika kanisa la mawe. Nifanye mazoezi ndani ya nyumba, polepole, uso ukielekea ukutani. Nikaahidi.

Na nimetimiza. Nimepiga ndani ya nyumba, uso ukielekea ukutani. Ni ule ukuta wenye dirisha la kuangalia bandari.

Ijumaa, 14 Novemba

Padri ameamua. Omer.

Alisema mbele ya wote, kwa upole. Omer anasikiliza, alisema. Papa Isidore ana nguvu na moyo, na atatusaidia kubeba sanduku.

Kubeba sanduku! Wote walipiga makofi, hata mimi, maana mikono ilikwenda yenyewe. Nilirudi nyumbani kwa njia ndefu ya ufukweni ili Pélagie asione macho yangu. Iliniuma sana. Nyuma ya ngoma kubwa angalau nilikuwa na tromboni mkononi. Sasa nitakuwa mtu wa sanduku, Bujumbura, mbele ya wageni.

Jioni nikatulia. Mstahimilivu hula mbivu. Mambo mawili. Kwanza, chombo kitakaa kwangu mpaka siku ya safari, na hakuna aliyefuta mazoezi yangu. Kila alfajiri nitapiga ile noti, dirisha wazi, ili Padri asikie kila siku anachokikosa. Pili, Omer. Mtu asiyekuja mazoezini hawezi kupewa kiti.

Nikampitia kwake. Nikamwambia kwa uso wa ndugu kwamba Padri ana wasiwasi na meli hii isiyo na siku, na kwa kuwa yeye ni mrefu na anaona mbali, ni vizuri awe gatini kila siku tangu alfajiri mpaka jioni, na mzigo wake tayari. Omer akanishukuru. Akaniuliza kama ameteuliwa yeye kweli kwa kazi kubwa hivyo. Akanipa na karanga za njiani.

Karanga zilikuwa tamu. Nilizila zote.

Jumapili, 16 Novemba

Inafanya kazi! Omer hakuonekana mazoezini jana wala leo. Padri aliuliza. Nikasema kwa masikitiko kwamba nilimwona gatini, amekaa juu ya mzigo wake, anatazama maji. Ni kweli tupu. Padri akashika kidevu, akasema labda kijana ana jambo moyoni.

Upande wa noti, mambo yamepoa kidogo. Siku ya kwanza watu walikimbia. Siku ya pili walitembea. Sasa wanageuka upande wa pili wa kitanda. Jirani ameniambia anaitumia kuamshia watoto wa shule. Mtu wa duane kasema hata meli ikija na malaika juu yake, hatoki mpaka aione kwa macho. Nilijisikia vibaya kidogo, halafu nikafikiri vizuri: mji mzima unajua sasa mlio wa Isidore Kahozi. Kule biro wananiita Sitwayeni Honi, yaani Raia Honi. Fanfari hawakunipa jina hata siku moja.

Jumanne, 18 Novemba

Sijui nianzie wapi.

Mvua ilianza kabla ya alfajiri. Mvua ya kweli, ile inayofuta ziwa, hata mwembe wa jirani hauonekani. Nikasema leo sipigi, shaba haipendi unyevu. Nikavuta blanketi.

Honi ikalia. Ndefu, ya chini, nzuri.

Pélagie, macho yamefumba, akasema, “Isidore, acha ile kintu! Watu wako nalala.”

Ikalia mara ya pili. Akatupa mkono nyuma yake kunipiga, na mkono ukatua juu ya tumbo langu. Ukakaa pale. Ukanipapasa mpaka usoni. Pélagie akakaa kitandani.

“Kama weye njo huyu,” akasema, “nani iko napiga kule?”

Tulikimbia. Naandika na matope yakiwa bado magotini. Tulipita milango iliyofungwa, nyumba baada ya nyumba, mji umelala fofofo juu ya magunia yake yaliyokwisha kushonwa. Nikapiga kelele kwamba ni meli, ni meli ya kweli! Sauti moja ndani ya nyumba ikajibu kwamba Papa Isidore sasa anatumia na mdomo.

Kapteni, tuliambiwa na walinzi wa geti, alipiga honi mara tatu. Hakuona umati wowote, mawimbi yalikuwa yanagonga meli gatini, akateremsha magunia ya Moba, akakunja uso, akaondoka kuelekea Uvira na Bujumbura. Tulipofika ndiyo kwanza ilikuwa imeacha gati, tuliona nyuma yake tu, inaingia ndani ya mvua.

Na juu ya meli, kwenye reli, mtu mrefu. Omer. Amelowa, anacheka kwa furaha, anapunga mikono yote miwili. Alikuwa ametandaza mikeka kwa ajili ya kwaya nzima na anatuonyesha kwa vidole: nafasi zenu ziko hapa, nimewawekea, njooni.

Pélagie alitua mabidoni yake chini, taratibu, akakaa juu ya moja.

Jumatano, 19 Novemba

Wamama wa soko walikuja. Hawakupiga kelele. Walikaa uani kwangu kama watu waliokuja msibani, mabidoni mbele yao, na Mama Bertille akasema kwa niaba ya wote.

“Papa Isidore,” akasema, “siku ya kwanza tulikimbia, tukacheka. Siku ya pili tukanyamaza, tukasema njo muntu na furaha yake. Leo bato imeenda na mawese yetu iko hapa. Tena na wimbo wetu. Mutoto wangu iko Bujumbura, alikuwa ananingoja kanisani anisikie. Sasa nimuambie nini?”

Kwa kweli nilitafuta jibu. Nilifikiria panya, lakini haikufaa.

Pélagie akaingia ndani, akatoka na kidomo changu cha fanfari, akamkabidhi Mama Bertille mbele yangu. Akasema kikae kwake mpaka meli nyingine ije na kwenda na kurudi. Mama Bertille akakifunga kwenye pindo la kitenge, mafundo mawili. Miaka kumi na miwili na kidomo kile! Wakaondoka kama walivyokuja.

Padri alipita jioni. Nilitegemea hasira na nilikuwa nimeiandalia majibu. Alisema tu kwamba Sesilia Mtakatifu yuko pia Kalemie. Jumapili tutaimba hapa hapa, kwa watu wetu. Na kwa kuwa Omer ameondoka, hakuna mwingine wa sakbuti kubwa.

Akaweka mezani kile kidomo cha zamani, bapa, chenye ukingo mkali. Akaweka na mpini.

Kiti ni changu! Mchana nilikuwa mtu wa kutupwa ziwani, jioni mimi ni sauti ya chini ya parokia. Kweli mipango yangu inachelewa, lakini inafika.

Ijumaa, 21 Novemba

Mazoezi. Nilishika mpini, kwa sababu Mama Bertille anakaa mbele yangu na amevaa kilemba kipya.

Kidomo kile kinauma. Ukipuliza kwa nguvu hakitoi kitu, kinakohoa. Ukilainisha, kinakubali. Basi nililainisha, si kwa kupenda. Nilikuwa naogopa pia. Kila nikiinua macho naona mgongo wa Mama Bertille, nakumbuka mtoto wake anayengoja Bujumbura, na pumzi inakuwa ndogo. De, re, le. Padri alisema kitu kimoja tu: kwamba nisogeze mpini mapema. Nikausogeza mapema. Noti ya mwisho kabisa, ile iliyoondoka na kilemba, ikaja yenyewe.

Naficha nguvu zangu kwa Jumapili. Siku hiyo nitaifungulia sakbuti sauti yake yote.

Jumapili, 23 Novemba

Kanisa lilijaa mpaka milangoni. Wote waliokosa meli walikuwepo, na mashati waliyokuwa wameyapiga pasi kwa ajili ya Bujumbura. Pélagie benchi ya tatu. Mimi pembeni, mbele ya watu wote, bila ngoma yoyote kati yetu. Nilisema moyoni: leo.

Ulikuwa wimbo wa zaburi, Kilatini, sauti nne. Filimbi zikaanza. Mama Bertille akavuta pumzi, na mimi, kwa mazoea ya siku mbili hizi, nikavuta pamoja naye. Nilikuwa nimepanga kuifungulia kwenye mstari wa tatu. Lakini Mama Bertille aliimba leo kana kwamba mtoto wake yuko mlangoni anasikiliza. Nikaona nikipiga kwa nguvu nitamkanyaga. Nikasema basi, mstari wa nne. Mstari wa nne wakashuka wote pamoja, taratibu, na mimi chini yao, na sikutaka kusogea hata kidogo mtu asije akaanguka. Mpini ukaenda na kurudi. Wimbo ukaisha. Sikuifungulia popote.

Halafu mzee mmoja akapenga makamasi, na watu wakakumbuka kupumua.

Nje, baada ya misa, walimbeba Mama Bertille kwa maneno. Walisifu filimbi. Walisifu maua ya altareni. Mtu wa duane alimwambia Padri hajawahi kusikia kwaya ikiimba imetulia namna ile, kama ina mizizi. Nikasimama na chombo changu mahali pa kuonekana. Nikasimama pengine. Hakuna aliyegeuka! Hakuna aliyeuliza ile sauti ni ya nani.

Padri peke yake alikuja, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, macho yana maji. Alisema hiyo ndiyo sakbuti. Alisema hata Ubelgiji aliisikia hivyo mara chache, na kwamba kiti ni changu, hata Omer akirudi. Nikamshukuru, lakini nilikuwa namwangalia Pélagie.

Tulitembea nyumbani. Macho yake yalikuwa mekundu. Nikamuuliza kama amelia. Akasema ndiyo, alilia tangu mwanzo, na hajui kwa nini. Alisema alisikia kama mtu aliyetoka kwenye mtumbwi akakanyaga ardhi ngumu. Nikasimama njiani, nikamwambia ni mimi! Ile ardhi ni mimi!

Akaniangalia kwa huruma. Akasema hapana, ulikuwa wimbo. Kisha akaniuliza, kwa upole kabisa, kama Padri alinikataza kupiga leo.

Jumatatu, 24 Novemba

Sikulala. Nimefikiri sana na nimepata kosa liko wapi.

Si mimi. Mimi nilipiga bila kosa, Padri ni shahidi. Kosa ni la chombo. Ule mdomo wa kutokea sauti ni mdogo mno! Wazee wale wa miaka mia nne walikuwa watu wazuri, lakini hawakuwa na bidhaa zinazovuka ziwa kutoka Kigoma.

Saa ya mapumziko nimetoka biro na sakbuti chini ya koti la mvua, nikaenda nyuma ya soko kwa Papa Néhémie, fundi wa bati, anayeziba sufuria na taa. Nikamuuliza kama anaweza kukata kile kimdomo na kulehemu mahali pake beseni la kuogea, lile kubwa la maua la Kigoma, jipya kabisa. Akalizungusha, akaligonga kwa kidole, tukasikiliza wote wawili. Mlio mzuri ajabu. Akasema litashika, ila sakbuti haitapita tena mlangoni. Nikamwambia kanisa lina milango mipana. Kabla ya Noeli iwe tayari.

Padri nimemwambia chombo kiko kwa fundi kwa marekebisho madogo. Amenibariki.

Pélagie anatafuta beseni lake tangu mchana. Namsaidia kutafuta.